Hodi kwa Mkwe

Damu ilikuwa haijakauka sakafuni, na watu walikuwa wameshapata sababu. Binadamu bwana! Mwenzao ndiyo kwanza anapakiwa kwenye gari, mkono umefungwa kwa foronya, na huku nyuma, kwenye masinki ya kufulia, wanaulizana alikuwa amefanya nini. Mmoja akasema ni maneno mengi, maana yule mwanamke mdomo wake haukuwa na likizo. Mwingine akasema siku hizi alikuwa hana utulivu, kagombana na mumewe, na ukiacha ugomvi nyumbani mkono kazini hauwi wako. Mama Pacha wa meza ya kukunja, mtu wa kutikisa kichwa kabla hujamaliza habari, akasema yeye ameishi vya kutosha na hajaona jambo linalomkuta mtu bure. Hilo la Mama Pacha ndilo lililowaingia wengi, kwa sababu halikuhitaji ushahidi wowote.

Aliyepakiwa walimwita Chiriku. Jina lilimkaa: mwanamke mdogo wa mwili, mchangamfu, ambaye akikosa mtu wa kuongea naye huongea na ndoo. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine ya kunyooshea mashuka, katika kiwanda cha udobi kilichofulia hospitali na nyumba za wageni. Aliyekuwa akilisha naye bega kwa bega ni Bi Pasi. Huyo Bi Pasi ndiye mwenye hadithi hii, ingawa angepewa nafasi ya kuchagua angeikana.

Mashine yenyewe ni magogo mawili ya chuma yaliyolala moja juu ya jingine, yanapashwa moto kwa mvuke, yanazunguka kutwa. Wanawake wawili wanasimama mbele, kila mmoja kashika pembe yake ya shuka bichi, wanalilisha katikati ya magogo. Upande wa pili linatoka kavu limenyooka, na wengine wawili wanalipokea na kulikunja. Waliiita Mkwe. Jina alilitoa Bi Pasi miaka ile alipokuwa msichana, aliposema kwamba huyu humfanyii utani, humpi mgongo, na huingii kwake bila hodi. Wenzake walicheka, na jina likabaki.

Na hodi ilikuwepo kweli. Mbele ya magogo, usawa wa vidole, kulikuwa na upau mwembamba wa chuma. Mkono ukienda mbali mno unaugusa, na ukiguswa mashine inasimama. Huo ndio uliokuwa mlinzi wao, hakuna mwingine. Kwa hiyo kila asubuhi, mvuke ukiwa ndiyo kwanza unafunguliwa, kila mlishaji aliugonga kwa kifundo cha kidole, ngo ngo, Mkwe akasimama, wakasema kaitika. Wakamwasha tena na kuanza kazi. Bi Pasi ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na mgeni yeyote aliyeletwa kwake alifundishwa hodi kabla ya kufundishwa shuka. Halafu alimnyanyulia vidole vyake kumi, vizima, na kumwambia kwamba hiyo ni heshima, si bahati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyopenda kumalizia.

Siku ile Chiriku alipiga hodi. Tuliseme mapema ili tusizungushane. Alipiga, Mkwe akaitika, na Bi Pasi alisikia kwa masikio yake yote mawili.

Kazi ikaenda vizuri mpaka jua lilipopanda. Pembe ya shuka ikajikunja upande wa Chiriku, akanyoosha mkono kuilaza, kama walivyofanya wote, kama alivyofanya Bi Pasi mwenyewe kila siku ya Mungu. Shuka bichi likamnata vidoleni. Hakupoteza akili: aliusukuma upau kwa mkono, akausukuma kwa kifua, akauegemea kwa uzito wake wote. Upau haukutikisika. Magogo yaliendelea kuzunguka polepole, bila haraka yoyote. Bi Pasi alikimbilia swichi ukutani, na alipoizima vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mwenzake vilikuwa vimeshakwisha.

Msimamizi alimwita Bi Pasi kwenye stoo ya sabuni. Alikuwa bwana mmoja mwembamba, kalamu sikioni, aliyemwogopa tajiri wa kiwanda kuliko alivyoogopa kufa. Alikuwa anatetemeka naye pia, tumpe haki yake. Aliuliza swali moja tu, kama yule mwenzake alipiga hodi.

Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Ndiyo, alipiga. Lakini hapo hapo Bi Pasi akaona neno hilo linakoelekea. Kama Chiriku alipiga, na Mkwe akaitika, na bado akamla, basi yeye Bi Pasi miaka yote hii alikuwa ameshikilia nini? Kesho asubuhi akisimama pale, kati ya vidole vyake na yale magogo kutakuwa na nini?

"Sikumsikia," alisema.

Msimamizi alishusha pumzi. Bi Pasi naye alishusha pumzi, na baadaye hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote, jinsi neno la uongo lilivyompoza kama maji. Kabla ya mapumziko ya chai habari ilikuwa imezunguka kiwanda kizima: hakupiga hodi. Watu waliipokea kwa furaha, ndiyo, furaha, nisifiche. Wengine walithubutu hata kutania. Mama Pacha alitikisa kichwa akasema si alisema. Na tajiri, ambaye hata sura ya Chiriku hakuwa anaijua, akaamua kwamba aliyevunja utaratibu amejiumiza mwenyewe: ajitibie mwenyewe, na akipona asihangaike kurudi.

Nafasi haikai wazi. Bi Pasi alikuwa na binti yake wa mwisho, Kitinda, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akihesabu nzi, na kwa muda mrefu alikuwa amembembeleza msimamizi amfikirie. Sasa msimamizi mwenyewe alikuja akitabasamu, akamwambia amlete yule binti. Bi Pasi atakataaje? Angeulizwa kwa nini, na hiyo kwa nini ilikuwa na jibu moja tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akamleta, na Kitinda akasimama pale pale aliposimama Chiriku, mbele ya pembe ile ile.

Kuanzia hapo raha ilimtoka. Alikuwa akilisha shuka macho yakiwa kwenye vidole vya mwanawe. Kitinda alikuwa na vidole virefu, vya mtu asiyejua kutulia, na kila pembe ilipojikunja moyo wa mama yake ulifanya paa. Alimfokea asinyooshe mkono, kisha pembe yake mwenyewe ikijikunja anaunyoosha wa kwake bila kufikiri. Asubuhi alimpigisha hodi mara tatu, mara nne, mpaka wakunjaji wakauliza kama wamekuja kuposa. Kitinda alicheka pamoja nao, akamwambia mama yake atamwangalia mpaka achakae. Nyumbani wakila, Bi Pasi alisahau kula. Alikuwa akiutazama mkono wa mwanawe unavyokwenda kwenye sahani na kurudi, na usiku aliota magogo.

Na ajabu ya moyo wa mtu ni hii: kadiri hofu ilivyompanda, ndivyo alivyozidi kumsema Chiriku. Mwanzo alisema tu kwamba hakumsikia akigonga. Baadaye ikawa yule alikuwa mzembe. Halafu ikawa alikuwa anakuja na simu mfukoni, inalia, anainama kuitazama. Yote hayo aliyasema kwa ukali, jasho likimtoka, kama mtu anayegombana na aliyemkalia mbele. Wenzake waliitikia wakaongeza ya kwao, na Chiriku aliyetoka kwenye midomo yao alikuwa mtu ambaye kwa kweli lazima angekatika vidole, kama si leo kesho. Walipomaliza kumtengeneza hivyo, kila mmoja alirudi kazini mwepesi. Bi Pasi peke yake ndiye aliyerudi mzito, maana yeye alijua.

Kumtembelea ilipangwa mara kadhaa. Wangechanga, wangekwenda wote pamoja. Lakini kila siku ya kwenda ilipofika kulikuwa na mvua, au mgonjwa mwingine wa karibu zaidi. Ni vigumu kumpa pole mtu ambaye umeshasema kajitakia.

Basi akaja mwenyewe. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mashine imeshika moto, hewa yote mvuke na harufu ya sabuni. Alitokea mlangoni akiwa amevaa gauni lililofungwa vifungo vibaya, na mkono mkubwa mweupe wa bendeji ameuweka kifuani kama anayebeba mtoto. Alikuja kuchukua ndala na mtandio wake alivyoviacha kwenye kabati. Ungeona watu walivyopata shughuli! Wa masinki wakainama kwenye masinki. Mama Pacha akakunja shuka lililokwisha kukunjwa. Walimsalimia, ndiyo, lakini kwa mbali, na alipopita katikati yao walimwachia njia pana kuliko aliyoihitaji.

Chiriku alisimama katikati ya chumba. Sauti yake ilikuwa imepungua. Aliwaomba radhi. Alisema amewaharibia kazi, amewatia hofu, na amemchafulia jina Bi Pasi aliyemfundisha vizuri. Kisha akamgeukia Bi Pasi.

"Dada, nina swali moja tu, na ukinijibu nitalala. Mimi kichwani kwangu naona kama niligonga. Naona kabisa. Lakini wote wanasema sikugonga. Wewe ulikuwa ubavuni kwangu. Niligonga, sikugonga?"

Kitinda aliacha kulisha. Magogo yakazunguka matupu. Kila jicho lililokuwa limeinama sasa liliinuka.

"Siku ile ulikuwa unaongea sana," alisema.

Chiriku aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Usoni hakuonyesha uchungu. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Akasema basi afadhali, maana alishaanza kudhani amerukwa na akili. Akachukua ndala zake, na alipopita karibu na Kitinda akasimama, akaushika mkono wa binti kwa mkono wake uliobaki mzima.

"Wewe usiwe kama mimi, mdogo wangu. Wewe gonga. Ukigonga hatakufanya kitu."

Akatoka. Bi Pasi alibaki ameshika pembe ya shuka. Mambo yote aliyokuwa amesema juu ya yule mwanamke hayakuwahi kumchoma kama usia ule mdogo. Mtu aliyeumizwa kasimama mbele ya mtoto wako, kwa nia njema, anamfundisha kutegemea kitu ambacho wewe unajua hakitegemeki. Na wewe umenyamaza.

Kitinda alikuwa ameingiwa na hofu ya ule mkono mweupe. Uso umempauka. Akamwambia mama yake angoje kidogo, apige hodi tena, moyo wake utulie.

Sasa elewa kwamba hakuna aliyewahi kupiga hodi kazi ikiwa imeanza. Mashine ikisimama ikiwa ya moto, shuka lililo ndani linaungua, na msimamizi anakuja juu. Hodi ilikuwa jambo la asubuhi, kama kunawa uso. Lakini Kitinda alikuwa mgeni, mambo hayo hayajamkaa, na hofu ilikuwa mpya. Akakunja kidole akagonga, ngo ngo.

Magogo yaliendelea kuzunguka.

Akagonga tena, kwa nguvu, halafu akausukuma upau kwa kiganja. Hakuna kitu. Akamtazama mama yake kwa macho ya mtoto mdogo. Bi Pasi alimvuta nyuma kwa aproni karibu amwangushe, akaujia upau yeye mwenyewe. Aliusukuma kwa viganja, akaupiga kwa ngumi, akaugonga kwa kiwiko mpaka kiwiko kikatoa damu. Mkwe alizunguka tu. Wakunjaji walikuja mbele mmoja mmoja. Msimamizi alikuja mbio kuuliza nani kaacha mashine tupu, akaona, kalamu ikamdondoka.

Aliitwa fundi wa mitambo, mzee mkimya mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi. Alizima mashine, akauchunguza upau, akautingisha kwa koleo. Ulikuwa umekaza kabisa kwenye tundu zake. Alisema chuma kikipata moto kinavimba, na huu ulivyochakaa ukivimba unabana, hausogei. Ukipoa unalegea, unafanya kazi kama mpya. Akauliza wao huwa wanaujaribu saa ngapi.

Kila asubuhi walikuwa wamempigia hodi Mkwe akiwa baridi, akaitika vizuri, wakashukuru, na kuanzia saa moto ulipopanda mpaka jioni hakukuwa na mlinzi yeyote. Hakuna aliyejua tangu lini. Bi Pasi aliviangalia vidole vyake kumi, akaanza kuvikunja na kuvikunjua kana kwamba amevikuta pale sasa hivi.

Ungetegemea watu walie, au wafurahi kwamba wameokoka. Badala yake Mama Pacha akatikisa kichwa.

"Sawa, mashine ni mbovu. Lakini tuko wangapi hapa? Mbona ikamchagua yeye?"

Na wengine, wallahi, waliguna kukubali. Ilikuwa bado ni bora kuliko lile jingine, lile la kwamba ingeweza kuwa yeyote. Mmoja alianza hata kumnong'ona Bi Pasi, kwamba huyu mama na mwanawe wana mkosi gani, tangu wawe wawili ndiyo mambo yanafumuka.

Msimamizi alipata akili zake. Alisema fundi ataupiga tupa upau usibane tena, jioni ile ile, na hapatakuwa na haja ya kumsumbua tajiri. Habari ya Chiriku ni nyingine, ilishakwisha, yule hakupiga hodi, utaratibu ni utaratibu. Akamgeukia Bi Pasi, akitaka neno tu la kufungia. Alimkumbusha, kwa upole wenye meno, kwamba shahidi ni yeye, na kwamba yeye na binti yake wote wako kwenye kazi hii.

Bi Pasi alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akatoka nje kwenye kamba za kuanikia. Kitinda alimfuata mbio, akamshika mkono katikati ya mashuka.

"Mama. Alipiga?"

"Alipiga."

"Ukamsikia?"

"Nilimsikia."

Kitinda aliuachia mkono wake. Alirudi nyuma hatua moja, akavificha vidole vyake kwapani, vyote.

"Ukajua, halafu ukaniweka pale."

Bi Pasi alitaka kusema hakujua, kwamba alijua hodi tu, ya upau hakuyajua, kwamba alijilazimisha kutojua. Lakini maneno hayo hata yeye aliyasikia yalivyo matupu. Mwanawe alirudi ndani bila kugeuka. Mama akashika njia ya kwa Chiriku, mwendo wa haraka, akijua kwamba akipunguza tu hatua atarudi.

Chiriku aliishi chumba kimoja na sebule ndogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, anajaribu kuosha vikombe kwa mkono wa kushoto, na sakafu yote maji. Alifurahi kumwona. Hilo lilikuwa gumu kulivumilia. Alimfukuza mtoto wake akacheze nje, akafuta kiti kwa gauni lake, akamkaribisha, akaanza kuomba radhi kwamba nyumba haina hali. Alisema Bi Pasi ndiye wa kwanza kuja kutoka kazini.

Bi Pasi hakuegemea kiti. Alimweleza habari yote ya mchana ule: Kitinda alivyogonga, upau ulivyokaza, alichosema fundi. Alitarajia uso ule ufunguke. Badala yake aliuona unafungwa, kidogo kidogo, kama duka jioni.

"Hayo ya moto mimi siyajui," Chiriku alisema. "Mimi sikupiga hodi. Basi."

"Ulipiga."

"Sikupiga, dada. Si umeniambia mwenyewe leo hii?"

"Nilikudanganya."

Chiriku alirudi kwenye vikombe vyake. Aliosha kimoja ambacho kilikuwa safi. Kisha akaongea bila kumtazama, haraka haraka, kama zamani.

"Unajua imenichukua muda gani kukubali? Nimelia, nimejilaumu, nimejitukana, mwisho nikakubali kwamba kosa ni langu. Tangu nikubali ndiyo nalala. Mwanangu alikuwa anaamka akipiga kelele, nikamwambia, mama alisahau jambo moja dogo, ndiyo maana. Wewe usisahau, utazame huku na huku barabarani, hutapatwa na kitu. Na yeye sasa analala. Ukiniambia nilifanya kila kitu sawa na bado ikanila, mimi nikamwambie nini yule mtoto? Ajiangalie na nini? Niachie kosa langu, dada. Ndilo nililobaki nalo."

Bi Pasi aliyajua hayo yote, maana na yeye alikuwa amejifunika shuka lile lile. Na hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Mwenyewe hataki. Angesema haya, angempa pole, angerudi kesho kwa msimamizi akafunga mdomo, kazi yake ibaki, ya Kitinda ibaki, na kila mtu alale. Kwa muda mfupi alilitamani hilo kwa moyo wote. Lakini mwanamke huyu alikuwa hana matibabu wala kazi kwa sababu ya neno lake yeye, na kule kiwandani kulikuwa na binti aliyeficha vidole kwapani kumkimbia mama yake.

"Uligonga mara mbili," alisema. "Mkwe aliposimama ukamwambia, 'Umeamkaje, baba? Bado hujafa?' Nikacheka mpaka kamba ya aproni ikaniponyoka mgongoni. Ukanizunguka ukanifunga wewe."

Kikombe kilibaki hewani. Maji yalichuruzika kwenye mkono wa Chiriku mpaka kwenye kiwiko, wala hakuyafuta. Alikuwa anatazama ukutani, na Bi Pasi aliona jambo lile linamrudia, hatua kwa hatua, mpaka likafika.

"Nilikufunga aproni."

"Ndiyo."

"Kwa mkono huu."

"Kwa huo."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

"Halafu ukaenda ukawaambia hukunisikia."

Kulikuwa na mengi ya kujitetea, na njiani Bi Pasi alikuwa ameyapanga: hofu, binti, msimamizi. Hata moja halikutoka. Alisema ndiyo.

Chiriku, aliyekuwa akiongea na ndoo, alikiweka kikombe chini taratibu. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo mno.

"Kesho nitakuja. Nitasimama pale mbele ya mashine, na tajiri aitwe, na wewe utasema mbele yao wote kama ulivyosema hapa. Yote. Na aproni useme."

"Nitasema."

"Sasa ondoka kwangu. Na usinipe pole."

Bi Pasi aliinuka. Alikuwa hajavaa kiatu cha pili vizuri mlango ulipofungwa nyuma yake na komeo likasikika. Alisimama pale nje, hajui aende wapi, na ndani akamsikia mwenzake anaanza kulia kwa sauti, kwa uchungu mbichi, kama mtu anayeumia sasa hivi.